Ekinasia tatu mezani: usinunue ua, nunua kitako

Habari za saa hizi watazamaji, karibuni. Mezani leo kuna vitu vitatu: paketi ya mbegu za Cheyenne Spirit, chungu cha Magnus, na chungu cha ekinasia chotara, ile ya chungwa yenye petali zilizojazana hadi katikati. Zote zinauzwa kwa jina la ekinasia, ua la bustani linalotakiwa kuchipua upya kila mwaka. Halafu mwaka wa pili moja inarudi, nyingine hairudi, na mwenye bustani anabaki kushangaa.

Naanza na ya chungwa, maana ndiyo inayonunuliwa kwa macho. Ekinasia ya zambarau, Echinacea purpurea, ni mmea wa asili wa mashariki na katikati ya Marekani, na rangi ya chungwa haimo kwenye ukoo wake. Rangi hiyo imekuja kwa kuichanganya na ndugu yake wa njano, Echinacea paradoxa, wa milima ya Ozark huko Missouri na Arkansas, ambako ardhi ni ya mawe na maji hayakai. Purpurea ina mizizi mingi ya nyuzinyuzi. Paradoxa ina mzizi mkuu unaozama chini, na haitaki kabisa kulowa muda mrefu. Sasa mtoto wao mpande kwenye mfinyanzi wa Columbus, Ohio, theluji imyeyukie mwezi wa tatu, uone. Watu husema imekufa kwa baridi. Mara nyingi baridi inasingiziwa tu. Kilichoua ni maji.

Tazama hapa, naitoa kwenye chungu. Hapa shina linapokutana na mizizi ndipo ninapoita kitako, na pesa yako inalipia hapa. Magnus ina machipukizi matano yanayotokeza pembeni, mafupi, mabichi. Ya chungwa ina shina moja limebeba maua sita, na pembeni yake hakuna kitu. Nguvu zote zimepanda juu ili ikupendeze dukani. Kama tayari unayo, kata maua yote mwaka huu wa kwanza. Najua inauma, lakini bila hivyo itaingia baridini haina akiba. Nyuki nao hawaijali sana: vile viua vidogo vya katikati, vyenye chavua na nekta, vimegeuzwa kuwa petali.

Magnus haina makuu. Ilichaguliwa Uswidi na Magnus Nilsson, na mwaka 1998 chama cha wakuzaji cha Perennial Plant Association kiliitangaza mmea bora wa kudumu wa mwaka huo. Petali zake zinalala bapa badala ya kuinamia chini, na inafika sentimita 90 au zaidi. Kwa mtu anayeanza, ndiyo hiyo.

Kuipanda: ipate jua kwa muda wa saa sita kila siku, usipungue. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu, lakini kina kilekile cha chungu. Kitako kikifukiwa, kinaoza. Kwenye mfinyanzi kiache juu ya uso wa ardhi kwa sentimita 2. Mche hadi mche sentimita 45 hadi 60, ili upepo upite. Ukibananisha, ugonjwa wa ubwiri unga utakutembelea mwezi wa nane, majani yawe kama yamemwagiwa unga wa ngano. Msimu wa kwanza mwagilia mara moja kwa wiki maji ya kutosha kuzama chini, si kunyunyiza kila jioni. Matandazo sentimita 5, yasiguse kitako. Mbolea ya dukani acha. Naitrojeni yake ikizidi, mashina yanarefuka, yanalegea, na mvua ya kwanza yote yamelala.

Tuje kwenye paketi. Cheyenne Spirit inatoa nyekundu, njano, chungwa, nyeupe na zambarau, zote mchanganyiko, kwa hiyo usiinunue kama unataka rangi moja. Sia ndani ya nyumba wiki 8 hadi 10 kabla ya jalidi ya mwisho. Ukiwahi hivyo, nyingi zinachanua mwaka huohuo. Funika kwa udongo wa milimita 3 tu, maana mwanga unasaidia mbegu kuota, na joto liwe nyuzi 20 hadi 24. Subiri siku 10 hadi 20. Mbegu za ekinasia ya porini ni wakaidi zaidi: zichanganye na mchanga wenye unyevu, zikae mwezi mmoja kwenye friji. Nimesema friji, si friza.

Sasa ugonjwa, na hapa tulia kidogo. Angalia ua hili: petali zimegeuka kijani, na juu ya kichwa kumeota majani, kama ua limesahau kazi yake. Hiyo ni fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kinachosambazwa na vidudu vidogo vinavyorukaruka na kufyonza utomvu. Dawa hakuna. Ng'oa mmea mzima na mizizi yake siku hiyohiyo, kabla vidudu havijaupeleka kwa jirani zake.

Lakini usikimbilie jembe. Kuna utitiri nao unafanya kitu kinachofanana sana. Tofauti iko hapa: utitiri unaacha vishada vidogo vya kijani au pinki juu ya kile kichwa chenye miiba, huku petali za pembeni zikibaki na rangi yake na majani ya chini yakiwa mazima. Hapo kata vichwa vilivyoharibika tu, vifunge kwenye mfuko wa taka. Mmea wenyewe uache ulipo.