Kulabu, toroli na guta: nilivyochagua vifaa vya kubebea marobota ya hei

Robota moja la hei, yaani nyasi kavu zilizoshindiliwa na kufungwa kwa kamba, si mzigo wa kutisha. Kilo 15 hivi, hata kijana wa sekondari analibeba. Kinachochosha ni kwamba robota hilo hilo linainuliwa mara nne au tano kabla ya kufika horini: kupandishwa garini, kupangwa, kushushwa, kuingizwa ghalani, kupelekwa bandani. Ndiyo maana kwenye kununua vifaa sikuangalia kipi kinabeba mengi. Niliangalia kipi kinaniondolea zamu moja ya kuinua. Nafuga ng'ombe wa maziwa Kibaha, hei naipata shamba la Vikuge na kwa wakulima wa jirani, kwa hiyo safari zangu ni fupi na njia ina mchanga.

Kifaa cha bei ndogo kuliko vyote ndicho nisichoweza kukiacha: kulabu. Fundi wa kuchomelea alinikunjia mbili kwa nondo ya milimita 10, akanoa ncha, akavisha mpini kipande cha mpira wa bomba. Unaichoma kwenye kichwa cha robota, unavuta, unasukuma na goti, limepanda. Bila kulabu kila kibarua hushika kamba, na kamba ya katani iliyokaa juani hukatika. Robota likishasambaratika njiani huna namna ya kulifunga tena. Kamba za plastiki hazikatiki hovyo, ila zinachana vidole, basi nunua na glavu. Ncha ya kulabu isizidi urefu wa kidole, maana ndefu hung'ang'ania ndani na mtu aliye juu ya gari anaweza kuvutwa na mzigo akaanguka nao. Yale marobota ya kasha la mbao, yanayoshindiliwa kwa miguu, huwa hayakukazwa sana. Kulabu inayachana tu, hayo beba kwa mikono miwili.

Toroli ya kawaida ya ujenzi sikuipenda. Robota linakaa mshazari, la pili linadondoka. Nilichukua ile ya kusimama ya magurudumu mawili, wanayobebea kreti za soda, nikaongezewa bamba la chuma chini kwa sababu lake lilikuwa dogo. Sasa inachukua marobota matatu yaliyolaliana. Angalia magurudumu: yawe ya upepo. Yale magumu ya plastiki ni ya sakafu ya saruji, kwenye mchanga wetu yanazama.

Kwenye usafiri nilisita kati ya kirikuu, kile kipikapu kidogo, na guta la injini, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi ya mizigo. Kirikuu ina raha zake, mvua ikikukuta barabara ya Morogoro hulowi, na kwenye lami inakimbia. Lakini hei hujaza nafasi kabla ya kujaza uzito: marobota 25 ya kilo 15 ni kilo 375, na kwa wingi huo bodi ya guta tayari imefurika. Nguvu ya ziada ningeilipia bure. Kilichoamua ni uchochoro wa nyumbani. Guta linapita hadi mlangoni mwa ghala, mbao za pembeni zinafunguka, na robota linatoka kwenye bodi moja kwa moja hadi mahali pake. Zamu moja imekwisha hapo.

Ukienda dukani, chagua injini inayopozwa kwa maji, kwa sababu mwendo wa polepole na mzigo kwenye mchanga huchemsha sana ile ya upepo. Uliza pia kama tairi zake zinapatikana mtaani kwenu. Kasoro ya guta ni gurudumu la mbele. Liko peke yake, linachimba mchanga badala ya kufuata alama za magari, na ukirundika mzigo nyuma linakuwa jepesi mpaka usukani haushiki. Panga kuanzia kwenye kiti cha dereva, pishanisha tabaka kama matofali, na usizidi tabaka tano. Kwenye kona mzigo mrefu unalipindua hata kama si mzito. Kamba mbili za manila za kukatiza na turubai nene, hata jua likiwaka, kwa sababu upepo hunyofoa majani, na majani ndiyo chakula chenyewe.

Mzigo wa kiangazi kizima naukodia kenta, lori dogo. Bodi yake iko juu, inataka mtu mmoja chini na mmoja juu, lakini ni kazi ya siku moja, sioni sababu ya kumiliki gari la namna hiyo.

Mwenye ng'ombe wawili au watatu asikimbilie guta. Ng'ombe wa kilo 400 anakula karibu kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, sehemu yake pumba, kwa hiyo robota moja kwa kila ng'ombe linatosha siku nzima na kubaki. Atengeneze kulabu, anunue toroli ya kreti, na usafiri amwachie kijana wa guta wa mtaani.