Manowari yenye nakshi: ukiwa Mombasa ununue seti ipi?

Wauzaji wa seti za kuunda mifano midogo ya manowari za kale hujisifu kwa idadi ya vipande. Mimi hutazama tezi kwanza, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Nakshi za merikebu hizi zimejazana huko nyuma, simba, malaika na wafalme, kwa hiyo kabla ya kulipa jiulize: nani atazifanya, kiwanda au wewe?

Nafasi ya kwanza naipa Vasa ya kampuni ya Revell, plastiki, skeli 1:150 (sentimita moja ya mfano ni sentimita 150 za merikebu). Merikebu hii ya Sweden ilizama Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, katika safari yake ya kwanza, kabla hata ya kumaliza kilomita mbili. (Fort Jesus wakati huo ina miaka thelathini na ushei.) Iliopolewa 1961 ikiwa karibu nzima, kwa hiyo mjenzi ana kitu halisi cha kufananisha. Ya kweli ina urefu wa mita 69. Mfano wake hutoka kama sentimita 46, unaingia kabatini. Nakshi huja tayari zimeumbwa, kazi yako kubwa ni rangi, na hapo utakesha. Usifuate picha za zamani zenye ubavu wa buluu: masalia ya rangi yalipochunguzwa, ilionekana ulikuwa mwekundu. Tena plastiki haijali unyevu wetu wa pwani.

Ya pili ni Vasa hiyo hiyo kwa mbao, ya Billing Boats, 1:75. Inakaribia mita moja, basi pima meza kwanza. Aliyezoea kuona jahazi likiundwa atashangaa kidogo: kwa desturi ya mafundi wetu mbao za ubavu hutangulia na mataruma, yaani mbavu za ndani, hufuata, hapa ni kinyume. Mbao zikifika, zifungue zikae chumbani zizoee hewa kabla ya kugusa gundi, na kazi ya ubavu usiianze masika. Fukusi nao wapo, mfano uwekwe kwenye kabati la kioo.

Soleil Royal, manowari ya Ufaransa, ya kampuni ya Heller, plastiki, 1:100, ni ya tatu. Tezi yake inapendeza kupita zote, lakini merikebu yenyewe iliteketea Cherbourg mwaka 1692, na mengi unayopaka ni makisio. Kamba zake zitakutoa jasho; si ya mwanzo.

Victory ya Uingereza nimeiacha makusudi. Matengenezo yaliyokwisha 1803 yaliipunguzia nakshi.

Seti zinazouzwa kidogo kidogo pamoja na jarida ziepuke. Kila kifurushi kina nauli yake, na ukikwama katikati una nusu ya chombo.

Rangi agiza za akriliki, zinazochanganywa na maji. Zile za mafuta na tina yake hushika moto, na wasafirishaji wengi wa ndege huzikataa. Msasa, gundi nyeupe ya mbao na nyuzi nunua hapa hapa mjini. Usilipie nauli ya ng'ambo kwa vitu vya dukani.