Siku Tatu Ufukweni Kigoma Pamoja na Watoto

Tulipanga banda la familia katika nyumba ya wageni iliyo kando ya mji wa Kigoma, kwenye ufukwe mdogo wa Ziwa Tanganyika, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba watoto, wakiwa wamesimama hadi kiunoni, waliwaona samaki wadogo wenye mistari wakipita katikati ya miguu yao. Mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma, aliyeletwa na ugali wa muhogo, alikuwa mtamu kweli, ingawa tulimsubiri karibu saa mbili na kitinda mimba wetu akasinzia mezani. Mzazi asibanduke kando ya watoto wakiwa majini, kwani ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470 na mahali pengine hushuka ghafla karibu na ufukwe. Jenereta ilizimwa saa nne usiku bila taarifa. Tulitundika vyandarua kwa tochi ya simu.