Uzoefu wangu na tiketi ya msimu ya ukumbi wa maigizo

Nimemaliza msimu mzima nikiwa na tiketi ya ukumbi wa maigizo, na uamuzi wangu ni huu: kilichopo jukwaani nakipa nyota zote, lakini namna kinavyouzwa na watu wanavyopokewa nakipa mbili. Viti vinabaki vitupu, lakini si kwa sababu watu wamechoka kuona waigizaji wakiwa hai mbele yao.

Usiku mmoja taa zilizimika baba na binti wakiwa katikati ya ugomvi. Waigizaji hawakusita. Waliendelea gizani kwa sauti tu, na sisi tukawafuata neno kwa neno hadi mafundi waliporudisha mwanga. Filamu ikikatika, watu wanapiga miluzi.

Sasa tangazo la mchezo huohuo. Lilikuwa na jina la mwongozaji kwa herufi kubwa na sifa kutoka kwa wahakiki, basi. Hadithi inahusu nini? Itachukua saa ngapi? Kuna mapumziko? Mtoto wa miaka kumi anaweza kuja? Kimya. Rafiki niliyemwalika, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa namna hiyo, aliniuliza avae nini na makofi hupigwa wakati gani. Mtu anayeogopa kuaibika hanunui tiketi, na sijui kwa nini wenye ukumbi hawalioni hilo. Mgeni mwingine alichelewa kidogo, akazuiwa mlangoni hadi mapumziko bila maelezo yoyote. Huyo sidhani kama atarudi.

Kuhusu bei, siwalaumu kama wengi wanavyofanya. Wachumi William Baumol na William Bowen walilieleza vizuri mwaka 1966: kazi ya sanaa ya jukwaani inahitaji watu walewale na muda uleule kama zamani, huku mishahara ikipanda kila mahali. Filamu hupigwa mara moja ikaonyeshwa katika kumbi elfu. Mchezo lazima uigizwe upya kila jioni, na viti vina kikomo. Kwa hiyo sitegemei bei ya sinema.

Ila njia zipo. New York kuna kibanda cha TKTS, tangu 1973, kinachouza kwa punguzo tiketi za siku hiyohiyo. Ukumbi wa maigizo wa Globe wa London, uliofunguliwa 1997, una uwanja wa watu wapatao 700 wanaotazama wakiwa wamesimama mbele kabisa ya jukwaa, na tiketi zao ndizo za bei ya chini. Napenda sana mpango huo: mwenye pesa kidogo ndiye aliye karibu zaidi na waigizaji. Katika ukumbi wangu ni kinyume. Tiketi nafuu iliniweka nyuma ya nguzo, na nguzo haikutajwa popote nilipokuwa nanunua.

Msimu ujao nitalipia tena, kwa ajili ya waigizaji. Kama ni mara yako ya kwanza, chagua ukumbi mdogo kuliko mkubwa, kaa safu za mbele, na kabla ya kulipa uliza mambo matatu: mchezo unaisha saa ngapi, kuna mapumziko, na je, kutoka kwenye kiti hicho jukwaa lote linaonekana? Nguo, vaa zozote ulizo nazo.