Kabla hujalipia mashine ya kusagia kahawa, itikise

Wanaonilalamikia kuhusu mashine za kusagia kahawa nyumbani husema maneno yaleyale: "Nimenunua kahawa nzuri ya Bukoba, nimepata tope chini na maji juu." Kisha wanamlaumu mkaangaji. Jamani, mwacheni. Kagueni mhimili.

Rangi, uzito na urahisi wa kuosha utaviona mwenyewe dukani. Kitu ambacho wanunuzi wengi hapa Mwanza hawakigusi ni ule mhimili wa katikati. Mashine ya mkono ina meno ya nje yaliyotulia na meno ya ndani yanayozunguka pamoja na mpini. Mhimili ukiwa umeshikwa juu tu, meno ya ndani yanayumba kama mtumbwi kwenye mawimbi: upande huu pengo linapanuka, upande ule linabana. Unapata vumbi na mapande kwa mkupuo mmoja. Vumbi linatoa uchungu haraka mno, mapande yanabaki na ladha yake ndani, na kikombe kinakuwa kichungu halafu chepesi. Ukilegeza skrubu ili usage chengachenga, ndiyo kabisa.

Basi igeuze juu chini, shika meno ya ndani kwa vidole, yasukume huku na huku. Yakicheza, mrudishie mwenye duka. (Wahaya wanaotafuna kahawa nzima wamejiepusha na adha hii yote.)

Ya kwanza kwangu ni Timemore C2, na sifichi kwamba naipendelea. Mhimili wake umeshikwa kwa beringi mbili, meno ni ya chuma cha pua, na inameza gramu 20 hivi, zinazotosha kikombe kikubwa kwa mtu asiye na mgeni. Kirekebisho cha ulaini kinalia "ta, ta, ta" ukikizungusha, kwa hiyo ukikariri idadi, kesho unarudi palepale. Mama mzee anaiweza. Anayeguna kwamba ni ya Mchina, aje aitikise.

Ya pili ni 1Zpresso, kutoka Taiwan. Kwa usagaji inaizidi C2, sibishi. Nimeiteremsha kwa sababu ya bei tu.

Ya tatu ni Hario Skerton ya Japani. Meno yake ni ya kauri, hayapati kutu. Toleo la zamani linayumba sana kwenye chenga, ndiyo maana Skerton Pro ilikuja na mhimili ulioshikwa vizuri zaidi. Ila kama wewe ni mtu wa kuchemsha kahawa chungu ya birika, unasaga laini kabisa, na kwa usagaji huo kuyumba hakukusumbui. Ichukue.

Za umeme zenye kisu, pamoja na kile kikombe kidogo cha blenda: zinakatakata, hazisagi. Ziachie pilipili manga.

Sasa wauzaji. Unaomba kuishika mashine, unaambiwa, "Ukifungua boksi, dada, umenunua." Nitatikisaje boksi? Na bei haijaandikwa popote, anakutazama kwanza ulivyovaa ndipo akutajie. Wabaya zaidi ni wa vifaa vya umeme vya mtumba. Utaonyeshwa mashine nzito, nzuri, yenye meno ya kweli, "original kutoka Japani." Geuza usome kibandiko: volti 100. Ya Marekani itaandikwa 120. Ukutani kwako kuna 230. Ukimuuliza, anakuchomolea adapta kana kwamba amemaliza kazi, wakati adapta inabadilisha umbo la pini tu na umeme unaingia vilevile, mota inaungua kabla hujamaliza pakiti ya kwanza. Ukimbana zaidi anakumbuka kwamba kuna transfoma ya kushusha umeme. Anayo, tena anaiuza yeye huyohuyo.