Kirusi cha kichaa cha mbwa au cha nguruwe: kipi kichore ramani ya ubongo?

Virusi hivi, cha kichaa cha mbwa na cha ugonjwa wa Aujeszky wa nguruwe, hutumiwa na watafiti kufuatilia njia za neva. Vyote viwili husafiri kinyumenyume, kutoka seli ya neva inayopokea ujumbe kwenda ile inayoutuma. Tofauti ni pale vinapokomea.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kilichoondolewa jini la protini ya G, ile ya ganda inayokiwezesha kuhamia seli nyingine, mbinu iliyotoka Taasisi ya Salk mwaka 2007, huvuka sinapsi (kiungo kati ya seli mbili za neva) moja tu. Seli ya kuanzia hupewa protini hiyo kwa njia nyingine. Jirani zake hazina, kwa hiyo kirusi kikifika humo hakitoki tena. Chini ya hadubini jirani hizo hung'aa kijani, kwa kuwa kirusi kimebebeshwa jini la protini inayong'aa. Kazi iko kwenye maandalizi: kwanza kirusi msaidizi kinachoipa seli ya kuanzia protini hiyo, wiki mbili au tatu za kusubiri, ndipo hiki cha kichaa cha mbwa.

Kirusi cha Bartha, aina dhaifu ya kirusi cha nguruwe iliyotumika kama chanjo, hakitaki mbwembwe hizo. Unadunga figo ya panya, na siku chache baadaye kimeshapanda hadi ubongoni, sinapsi baada ya sinapsi. Ila ukichelewa, hujui tena seli ipi ni ya pili, ipi ya tatu, na panya naye hufa mapema. Kwa nyani hakifai.

Anayeuliza nani anaigusa seli hii, achukue cha kwanza. Anayefuata njia nzima kutoka kiungo cha mwili, cha pili kitamfikisha, mradi asiiache saa.