Kucha ya bandia ya mguuni: saluni ya Sinza inayokufuatilia mpaka nyumbani

Jamani kama kucha ya mguuni imeng'oka na unatafuta pa kutengenezewa, hii saluni ndogo ya Sinza, Dar, naipa nyota 5, na sio kwa ajili ya kucha yenyewe maana siku hizi wanaobandika ni wengi, ni kwa vile wanavyokufuatilia ukishatoka pale.

Mimi kreti la soda liliniangukia dole gumba, kucha ikawa nyeusi ikatoka, kikabaki kipande tu huku chini. Na kucha ya dole gumba haina haraka, kuota yote inaweza kula mwaka hadi mwaka na nusu, na harusi ya mdogo wangu hiyo imefika na viatu ni vya wazi. Dada wa pale kabla hajashika chochote alisogeza taa, akabonyezabonyeza pembeni ya kidole, akauliza kama nina sukari, kama kuna sehemu inauma. Kuna mteja mwingine, mama mmoja, huyo dada alimkatalia kabisa, akamwambia, "Mama yangu, hii ni fangasi, nenda hospitali kwanza, nikifunika hapa nakufugia ugonjwa." Hapo ndo nikamwamini.

Akanijengea kwa jeli, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja inakaushwa kwenye taa yake, halafu likaja somo lenyewe. Ukitoka kuoga kausha mguu mpaka katikati ya vidole, maana jeli ikiachia kidogo maji yakaingia chini, bakteria wanazaliana na kucha inageuka kijani. Iwe fupi, isipite nyama, ikizidi kiatu kinaisukuma kila ukipiga hatua mwisho inanyanyuka. Kupunguza ni kwa faili taratibu, mkasi unapasua. Rangi utoe kwa rimuva isiyo na asetoni. Na hili alilirudia mara mbili, ikianza kubanduka USIVUTE, inaondoka na kucha yako ya asili, weka plasta urudi kwake. Hata isipobanduka unarudi baada ya wiki 4 mpaka 6, kwa sababu kucha ya chini inakua na kuisogeza ya juu.

Tunaosali, suala la udhu muulizeni shehe kabla, maana maji hayapenyi kwenye jeli.

Bei 35,000, marudio 15,000, sio rahisi ila baada ya wiki alinicheki wasap akataka picha ya kidole, akaona upande umeanza weupe akaniita akarekebisha bure. Nani anafanya hivyo siku hizi? Kinachokera ni foleni ya Jumamosi tu, unaweza kukaa mpaka jioni. Nendeni katikati ya wiki asubuhi na mbebe kandambili, siku hiyo hakuruhusu uondoke na kiatu cha kubana.